Nyoka wa Baba Bado Hajajivua

Nikiwaambia watu wa siku hizi kwamba nyumbani kwetu tulifuga nyoka, wananikata jicho. Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniuliza, eti bibi, kumbe mlikuwa wachawi? Nikamwambia mchawi gani anayeamka na baridi ya Makambako kwenda kupigana na panya kwa ajili ya mahindi. Sisi tulikuwa Walutheri wa kubatizwa, wa kuimba sauti nne, na nyoka tulikuwa naye vilevile. Lakini niliona hakuniamini.

Alikuwa nyoka wa kahawia, mwembamba, asiye na sumu. Baba alimkuta angali mdogo kwenye rundo la mabua shambani, watu wameshainua majembe wampondeponde. Baba akamtia ndani ya kofia yake akaja naye nyumbani, pale Lyamkena, akamweka kwenye kihenge, ghala letu la fito za mianzi lililosimama juu ya nguzo nyuma ya jiko. Akamwita askari. Alisema huyu anakesha, halewi ulanzi, wala hali hata punje moja ya mahindi. Panya walipungua kweli, na mimi nikajifunza kumshika. Alikuwa akinizunguka mkononi taratibu huku akinionja kwa ulimi, na baba anacheka.

Mama hakumpenda. Kanisani alikuwa amesikia ya kutosha juu ya nyoka, na majirani hawakuacha kumchokoza kwamba mumewe amemletea mke mwenza asiye na miguu. Alipopanda kihengeni kuchota mahindi alikuwa akibisha kwanza kwa mwiko, ngo ngo ngo, ili askari asogee pembeni.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza, na wanaume wa kwetu walikuwa wakiondoka kwa malori kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba, ndivyo tulivyowaita. Mkataba ukiisha, mtu alirudi na blanketi, sanduku la bati na Kiswahili cha pwani cha kututambia sisi tuliobaki na Kibena chetu. Siku baba alipoondoka nilimshika shati nikagoma kuliachia. Mama alinibandua vidole, nikashika tena. Ndipo baba akachuchumaa mbele yangu. Aliniita mama siku zote, maana nilirithi jina la mama yake.

"Mama," akasema, "unamjua askari wetu. Akijivua gamba tu, wewe ujue baba yako yuko njiani."

Nikaliachia shati. Siku hizi najua kwamba alisema vile ili apate kwenda zake, lori lilikuwa linapiga honi kule barabarani. Mzazi anayeondoka husema lolote linalomjia mdomoni. Lakini mimi nililishika neno lile kama watu wazima wanavyoshika kiapo, na tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani ila kumngojea nyoka ajivue.

Baada ya baba kuondoka mama akatoa amri mpya: mtoto asifungue kihenge kabla yake. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kupanda. Nilidhani anaona uchungu na mahindi yake. Basi nilikuwa nasimama chini ya ngazi na miguu yangu mitupu, ukungu umetanda mpaka mlango wa jiko hauonekani vizuri, nasikia mwiko ukigonga, kisha nauliza, "Mama, hajajivua?"

Naye anajibu kutoka ndani, "Bado."

Neno hilo ndilo lililonilea. Wenzangu walilelewa kwa nyimbo na uji, mimi nililelewa kwa bado. Na bado si hapana. Ukiambiwa hapana unalia, yanakwisha, unakwenda kucheza. Ukiambiwa bado unakaa hapo hapo. Mvua zilikuja zikaisha, mahindi yakavunwa, wanaume wengine wa Lyamkena wakarudi na masanduku yao, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile. Nilianza kumchukia yule nyoka. Nilimwambia nikiwa naye mkononi, we askari gani mvivu hivi, vua basi.

Kisha ukaja msimu wa kipupwe, na mwaka ule upepo haukuwa na adabu. Aliyekaa Makambako anajua ninachosema. Ulikuwa unavuma mchana kutwa, mkavu, wa kupasua midomo na visigino, na mama alikuwa akinipaka mafuta ya nyonyo mpaka masikioni. Mchana mmoja mama akiwa shambani nilipanda kihengeni nikamkuta askari amejikunja pembeni, hataki kusogea. Macho yake yalikuwa meupe kama yametiwa maziwa. Ngozi imefifia rangi, na pale mdomoni ilikuwa imeanza kubanduka kisha ikakauka, imeganda, inaning'inia vipande vipande. Nilimgusa akashtuka akapiga kichwa kwenye fito. Hakuwa ananiona.

Nilifurahi kwanza, nisiseme uongo. Niliwaza, anajivua, baba yuko njiani. Lakini siku iliyofuata nilimkuta vile vile, na iliyofuata pia, amezidi kukauka, na panya wamerudi wanapita mbele yake hana habari nao. Hapo roho yangu ikawa juu. Kwa akili yangu ile, nyoka akikwama baba naye amekwama. Nilimwona kabisa, yuko mahali fulani barabarani na sanduku lake, hawezi kuja mbele wala kurudi nyuma. Na nyoka akifa na gamba lake mwilini, je?

Nilikwenda kumwambia mjomba, kaka yake mama, ambaye siku hizo alikuja kututembelea kutoka Njombe. Mjomba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwati, kazi ya kuchuna magome yanayopelekwa kutengenezea ngozi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu, na alijivuna kwamba hakuna kitu chenye gome kitakachomshinda. Akaja kihengeni, akamtazama askari kwa kichwa upande, akasema, "Mjomba, hii ndiyo kazi yangu hasa."

Akamtoa nje, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamshika nyoka mkiani. Miwati huanzwa chini. Unakata gome kuzunguka shina, unalishika ncha, unavuta kwenda juu, nalo linafuata lenyewe mpaka kwenye matawi. Mjomba akaanza chini. Akaukwaruza mkia kwa kucha, akapata ncha, akavuta. Ngozi ikachanika, kipande kikamkatikia mkononi, na chini yake magamba yakatoa damu kidogo. Askari akajinyonga kwa maumivu. Hakumng'ata, ila mimi nilitamani amng'ate.

"Kipupwe hata miwati inagoma," mjomba akasema, akashika ncha nyingine.

"Muachie." Alikuwa mama, amesimama na jembe begani, na sijawahi kumsikia akiongea na kaka yake vile. "Kaka, muachie mara moja."

"Si mnyama wako wala nini. Unamtaka wa kazi gani?"

"Nimesema muachie."

Mjomba akamwachia shingo upande. Nilidhani mama atamfukuzia porini yaishe, maana kisingizio alikuwa nacho. Badala yake aliweka jembe chini akaingia jikoni. Akatoka na maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Akachovya gunia kuukuu, akalikamua, akamfunika nalo askari kwenye ungo karibu na moto, upepo usimfikie. Akaniambia nikae hapo, gunia likipoa nilichovye tena. Tukakaa. Kila nikitaka kufunua nichungulie anasema acha, alainike.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka akafunua. Akamchukua kwa mikono yake mwenyewe, mama yangu ambaye alikuwa anabisha kwa mwiko, akamshika kitambaa kibichi kikimzunguka, bila kubana.

"Mjomba amesema tuanze mkiani," nikamwambia.

"Huanzia mdomoni."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Akakisugua kitambaa polepole kwenye midomo, kutoka puani kwenda nyuma, tena na tena, mpaka ukingo ukajikunja. Kisha hakuvuta. Alikaza kidogo tu kitambaa akamwacha nyoka mwenyewe atambae kupita katikati ya viganja vyake, na gamba likabaki nyuma, linageuka ndani nje, kama mtu anavyovua soksi iliyolowa. Penye kukwama alisimama, akaongeza maji, akangoja. Nilitaka kumtoa yale maganda ya macho kwa ukucha, akanipiga kofi mkononi. "Jicho haliguswi. Hutoka na mengine." Na kweli yakatoka pamoja na ngozi ya kichwa, viduara viwili vyepesi, na chini yake jicho jeusi, safi, likanitazama. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Gamba lilitoka zima isipokuwa mkia, ule mjomba alioukata. Nilililaza kwenye ungo nikasema, "Mama, amejivua. Sasa baba yuko njiani."

Mama alikuwa ananawa mikono. Alinawa muda mrefu. Nilimsubiri aseme bado, nilikuwa nimeshajiandaa kubishana naye. Hakusema. Akasema, "Haya. Kesho tutakwenda Makambako kumpokea."

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, la bluu lenye kola nyeupe, ambalo lilikuwa halitoki sandukuni ila kwa Krismasi na Pasaka. Akanipaka mafuta, akajipaka na yeye. Akasuka nywele zake upya, akatafuta kioo cha kuazima kwa jirani. Nilimharakisha sana, nikaona anapoteza wakati kwa kujiremba. Mimi nilibeba gamba kifuani ndani ya jani la mgomba, nimwonyeshe baba mara atakaposhuka.

Tulikaa pale malori yanaposimama, mgongo kwenye ukuta wa duka ili tujikinge na upepo. Mama alinunua viazi vitamu vya kuchemsha, mimi nikala, yeye hakula. Lori la kutoka kaskazini likaja mchana, wanaume wameketi juu wamejifunika mablanketi, nyuso zimejaa vumbi jekundu kiasi kwamba wote walifanana. Nilisimama juu ya mzizi wa mkaratusi nikawatazama mmoja mmoja wakishuka. Wengine walikuwa wanatusalimia, kamwene, kamwene, na mama anaitika huku anawatazama nyuma ya migongo yao. Lori likaondoka. Tukangoja jingine. Lilipokuja lilikuwa la chumvi.

Njiani kurudi sikulia. Nilikuwa na hasira. Karibu na Lyamkena nilitoa lile gamba kifuani nikalitupa majanini, likapeperushwa na upepo mpaka kwenye vichaka. Mama hakunikemea. Alinishika mkono tukaenda nyumbani, akavua gauni, akalikunja.

Baba hakurudi. Wapo waliosema alikufa huko kwa homa, na mtu mmoja wa Kidugala aliapa kumwona Korogwe akiwa na mji mwingine na watoto. Mama hakuwahi kuuliza zaidi. Askari alikaa nasi miaka kadhaa, kisha siku moja hakuwepo. Asubuhi sikuuliza tena kitu chini ya ngazi. Nilikwenda shule, nikaolewa, nikazaa, na hamu ya baba yangu haikuniisha hata nilipokuwa mzee kuliko yeye alivyokuwa siku ile. Mpaka leo nikisikia lori likipunguza mwendo, shingo inageuka yenyewe.

Mama alipofariki tulivunja jiko lake la zamani tujenge la bati. Kule darini, kwenye moshi, alikokuwa anahifadhi mbegu, kulikuwa na pingili za mwanzi zilizozibwa kwa magunzi: maharage, ulezi, mbegu za maboga. Nikazibua moja nyepesi kuliko nyingine. Sikuona mbegu. Nilivuta nikatoa gamba la nyoka, limekunjwa vizuri, limekuwa la rangi ya chai kwa moshi. Chini yake jingine. Na jingine. Madogo ya siku za mwanzo, makubwa ya baadaye.

Nilikaa chini palepale penye masizi. Alikuwa akijivua, yule askari. Alikuwa akijivua muda wote ule, na mama anawahi kupanda, anagonga na mwiko wake, anayaokota na kuyaficha ndani ya kanga, kisha anaita kutoka ndani kwamba bado. Ndiyo maana alijua huanzia mdomoni. Alinibakishia baba njiani kwa namna aliyoiweza, maana siku gamba lingeonekana na baba asionekane, ningebaki na nini?

Nililaza magamba yote kwenye ungo kama nilivyofanya utotoni. Moja lilikuwa halina mkia. Lilikuwa limechanika pale pale kucha za mjomba zilipopita, na vijani vikavu vya njia ya Lyamkena vilikuwa bado vimenasa ndani yake. Alirudi kulitafuta. Mwanamke aliyekuwa anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba magamba yale hayakumleta mtu, alivaa gauni la bluu, akajipaka mafuta, akakaa mchana kutwa kwenye upepo bila kula. Na mimi siku ile nilidhani ananisindikiza mimi.