Kasa wa Bi Widad

Bi Widad hakuwahi kupokea simu kwa "halo". Salamu zilikuja baadaye; kwanza aliuliza, "Yu hai?" Hata mamake akimpigia kutoka Lamu aliulizwa hivyo, naye hujibu, "Ningali hai, mwanangu, usinizike."

Aliyeuliziwa ni kasa. Shirika letu hapa Malindi huhifadhi viumbe vya bahari. Mvuvi akimkuta kasa wavuni hutupigia simu, tukaenda tukampima, tukamtia kibati chenye nambari kwenye pezi na kumrudisha majini. Aliyejeruhiwa tulimleta kwenye birika letu la maji ya chumvi tukamtibu. Ila nambari waliyoijua wavuvi ilikuwa moja, laini ya Widad mwenyewe, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa.

Kisha akaja meneja mpya, Bwana Thuku. Cheo ambacho Widad alikingojea miaka mingi akampa Vivian, aliyeajiriwa juzi. Widad alipouliza sababu, alimjibu mbele yetu sote, "Bi Widad, kupokea simu anaweza yeyote."

Widad hakulia. Aliacha kazi wiki hiyo hiyo.

Siku ya kumuaga tulipanga viti uani, kando ya birika, tukaandaa viazi karai na maji ya ukwaju. Wavuvi walikuja na kanzu zao za Ijumaa. Thuku akamkabidhi zawadi, picha kubwa yenye fremu ya siku tuliyomrudisha baharini kasa mmoja mkubwa. Thuku alikuwa amejaa pichani anatabasamu. Widad alionekana mkono tu.

Aliitazama kwa muda. "Itundikeni hapa hapa," akasema. "Mwenyewe yupo."

Thuku alicheka kuliko wote.

Mzee Abdulhadi, mvuvi wa Mayungu, akainuka. "Bi Widad, sasa tukinasa kasa tumpigie nani?"

"Bwana Thuku asema anaweza yeyote."

"Huyo Yeyote mimi simjui. Ni mtoto wa nani?"

Uani pakavuma kicheko. Thuku akaitaja upesi nambari ya Vivian, na wavuvi wakaiandika kwa adabu.

Nilimsindikiza Widad mpaka langoni. "Somo yangu," nikamwambia, "kasa wana kosa gani?"

"Hawana. Nani kasema nawaacha?" Akapanda tuktuk.

Simu ya Vivian haikulia mwezi huo, wala uliofuata. Birika likaota ukoga. Habari za mjini tulizipata sokoni: wavuvi bado wampigia Widad, naye huenda kwa bodaboda na futi yake ya fundi cherehani, na kasa walioumia huwapeleka kwa daktari wa mifugo, rafiki yake wa Watamu. Thuku aliwapokea wafadhili akawaonyesha picha ukutani, kwa kuwa hakuwa na kingine. Sikufurahi, lakini nikiri kwamba huzuni niliitafuta nisiione.

Juzi wafadhili walikuwa warudi, na alfajiri bahari ikatupa kasa aliyekufa mbele ya lango letu. Thuku aliniita pembeni, akanisihi nimwombe Widad kasa mmoja tu, angalau wa siku moja. Nikapiga. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kumuaga.

"Yu hai?"

"Ni mimi, somo. Thuku anakuomba kasa, wageni wake waja. Hapa tunaye mmoja tu, naye amekufa."

"Basi huyo amtosha. Mwambie asimame kando yake, apigwe picha."