Matofali Matatu Chini ya Kigoda

Jumamosi ya pili ya Julai, mwaka mmoja baada ya Babati kuwa makao ya mkoa mpya wa Manyara, tulimzika baba nyuma ya nyumba yetu pale Singe. Tangu siku hiyo tulianza kupoteza na kitu kingine, ila sikukiona mpaka Desemba. Ni miguu ya mama.

Katika ukoo wetu, ulioteremka kutoka milima ya Mbulu, mjane aliye kwenye msiba hagusi jembe wala ndoo. Anakaa, anahudumiwa. Wengine hufanya hivyo mwezi mmoja wakamaliza. Mimi, binti yake niliyerudi nyumbani kumtunza, niliendeleza miezi mitano. Jembe lake nililificha darini. Akitaka maji, nilikuwa nimeshayaleta. Majirani walinisifu, na sifa zilinipendeza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Desemba alikuja bwana mifugo kumwangalia ng'ombe wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akajaribu kuinuka kigodani ampe mkono. Akafika nusu, akarudi chini kwa kishindo.

"Ana nini?" bwana mifugo akaniuliza.

"Uzee tu."

"Mwezi wa sita nilimkuta juu ya mkokoteni anapanga mabua. Uzee gani huo wa miezi sita?"

Akatoa kwenye begi kijitabu cha mafunzo yake, akatuonyesha picha ya dume jeupe la Ulaya. Sijawahi kuona mnyama wa namna ile. Mapaja yalikuwa yamejaa, yamegawanyika kama mikate.

"Analishwa nini?" nikauliza.

"Majani, kama huyu wako. Ila amezaliwa bila breki."

Akatueleza kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu cha kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mnyama akikikosa, anakuwa kama lile dume, na hiyo nayo ina taabu yake, maana jike lake huzaa kwa shida. Sisi wengine wote tunayo breki. Mtu akikaa bila kazi, misuli inapungua, na kwa mzee inapungua haraka zaidi. Akiifanyisha kazi, breki inalegea kidogo, hata uzeeni.

"Kwa hiyo ataishi miaka mingi?"

"Hilo wataalamu bado wanabishana. Ninachojua ni kwamba mzee asiyeweza kuinuka hamalizi safari vizuri. Mpeleke kwanza hospitali."

Nilimpeleka. Hawakukuta ugonjwa. Daktari alisema miguu imekosa kazi, ale vizuri, afanye mazoezi ya kuinuka na kukaa.

Nilirudi nimechangamka kama niliyeokota kitu njiani. Darasa langu la saba halikunifundisha kwamba mwili una kitu kama hicho. Kila niliyekutana naye nilimweleza, mpaka jirani yangu mmoja akasema, "Una breki na gari huna." Nilicheka, mara ya kwanza tangu Julai.

Mama hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: kaburi litajengewa lini?

"Baada ya mavuno. Mwezi wa saba."

"Siku ya kumzika nilishikwa kwapani kama gunia mbele ya mume wangu. Siku ya kujengea nataka nisimame mwenyewe."

Matofali ya kaburi yalikuwa tayari uani. Nikachukua matatu, nikayapanga moja juu ya jingine chini ya kigoda kiwe kirefu, kuinuka kuwe rahisi. Asubuhi na jioni alikuwa anainuka na kukaa, mara kumi. Nilimpa maharage, maziwa na mayai, na jembe nikalishusha darini. Tofali la kwanza tuliliondoa Februari. La pili, mwezi wa nne. Nilipomshika paja siku moja nikakuta limekaza, nilikimbia mpaka kwa jirani kumwambia.

La tatu lilitusumbua. Mei nzima alijaribu bila hilo, akaanguka. Juni aliinuka mara moja, kesho yake akashindwa.

Siku ya kujengea, fundi alipomaliza saruji, mchungaji alituomba tusimame. Mama alikuwa kwenye kigoda, chini kabisa, bila tofali. Shangazi wawili wakamwinamia.

"Niacheni."

Akaweka mikono magotini. Akafika nusu, akarudi. Mchungaji akangoja. Mikono yangu ilitaka kwenda, nikaibana kwapani. Mara ya pili akafika nusu, akatetemeka, akaendelea mpaka juu.

Alisimama hivyo mpaka sala ikaisha. Watu walipoanza kwenda kula, niliinama nichukue kigoda. Akanipiga kofi mkononi, akakichukua mwenyewe, akakibeba mpaka ndani.