Karai la Mahindi la Cucu

Jumamosi hii binti yangu wa miaka kumi na minne ameniletea filamu ya kulia. "Mum, angalia kwanza kama iko sawa, ndio tuione na marafiki wangu." Nimeiwasha hapa Ruring'u huku nikitoa minji kwenye maganda. Mama wa kwenye filamu alipofunga kitambaa kichwani, nywele zikiwa zimeisha, mikono yangu ikasimama. Wiki iliyopita daktari aliniambia uvimbe wa titi langu si mzuri, na huyu mtoto bado hajui. Nimeogopa, rafiki yangu, mpaka mawazo yakanirudisha Kiganjo nilikokulia.

Enzi zile runinga ilikuwa moja tu, ya jirani yetu mwalimu, ikitumia betri ya gari. Akileta kanda, sisi watoto hatukuiona mpaka Cucu, nyanya yangu, aipime. Kiingereza hakujua hata neno. Alimaliza kukama ng'ombe, akaketi pale na karai, akapukuchua mahindi makavu huku akitazama. Karai likijaa, filamu ni safi. Mikono ikisimama, ati wameanza kubusiana, basi, twende tukakate majani ya ng'ombe. Tulijibanza dirishani kwenye baridi, tukisikiliza punje zikianguka.

Mwaka mmoja mama yangu alilazwa hospitalini Nyeri. Kila nikiuliza naambiwa anaendelea vizuri, lakini chupa ya uji tuliyompelekea ilirudi imejaa. Nilianza kuogopa hata harufu ya uji.

Ndipo mwalimu akaleta filamu ya mama mgonjwa. Mikono ya Cucu ilisimama mapema sana, gunzi likalala mapajani, na sisi tukajua hiyo imekataliwa. Lakini alitoka akipangusa macho kwa leso, akanishika bega. "Wewe ingia uone. Hawa wengine waende nyumbani."

Niliingia peke yangu. Yule mama alivyozidi kukonda, nilimwona wangu. Nilitaka kukimbia, lakini nilibaki mpaka mwisho. Nilipotoka nilimkuta Cucu akiokota punje zilizomwagika kwenye nyasi, moja moja, na hakuniangalia. Mama alizikwa kabla mahindi yale hayajaisha.

Miaka mingi nilimkasirikia Cucu kwa kuiachia filamu ile kazi yake ya kuniambia ukweli. Sasa hayupo. Karai lilitoboka, tukapandia vitunguu ndani, na nyumba ya mwalimu ilibomolewa. Hakuna tena mtu wa kunitazamia kitu kabla hakijanifikia. Na kinachonitisha zaidi leo ni kwamba namwelewa, maana nilipojua filamu hii inahusu nini, nilisikia nafuu.

Binti yangu ameingia. "Umemaliza? Iko sawa?"

Nimezima runinga, nikamsogezea sufuria ya minji.

"Kaa tutoe hizi pamoja," nimemwambia. "Kuna kitu nataka usikie kwangu kwanza."