Saverina Mukantwari, Ndugu wa Wagonjwa Wasio na Ndugu

Ni katika vilima vya Kabuga, mwaka 1936, ambako Saverina Mukantwari alizaliwa, mtoto wa mwisho wa wazazi wakulima. Aliolewa Kicukiro, akabaki mjane akiwa bado kijana, na Mungu hakumjalia mtoto. Majirani walimkumbuka kwa mambo madogo: alipasha mikono yake moto kabla ya kumshika mgonjwa, na alibisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi.

Wito wake ulimjia mwaka 1990, alipokwenda hospitalini kumwona jirani. Enzi zile uani kulinukia mkaa na maharage, kwa maana karibu kila mgonjwa alikuwa na murwaza wake, mtu wa nyumbani anayempikia, kumwosha na kulala chini karibu na kitanda chake. Jioni warwaza waliimba nyimbo za Bikira Maria huku wakiosha sufuria, na wodi nzima ikatulia. Lakini Saverina aliona pia waliolala bila mtu, wakisikiliza vijiko vya wenzao. Tangu siku hiyo akawa murwaza wao.

Jaribu lake la kwanza lilitokana na haraka ya upendo. Mwaka 1992 alimkuta mwanamke aliyekondeana kwa homa, akadhani ni Mkristo kama wengine wodini. Akamlisha uji kidogo, akamchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akaanza rozari. Mgonjwa akafumbua macho.

“Mama, unanibatiza bila ruhusa yangu?”

Saverina akashtuka, akaficha rozari. “Nisamehe, dada. Nimekimbilia sala kabla ya kukuuliza jina.”

“Naitwa Swafiya. Mimi Mwislamu, fundi cherehani wa Nyamirambo. Na huo uji wako hauna sukari.”

Wakacheka wote wawili. Kesho yake Saverina alipanda hadi Nyamirambo kumtafuta mwanamke wa msikitini aje kumwombea Swafiya kwa dua za kwao. Yeye mwenyewe alikaa kando, kimya, akimpepea. Kuanzia hapo hakumwombea mtu kabla ya kumuuliza. Swafiya alipona, na wakawa kama ndugu wa tumbo moja.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, Saverina alikuwa miongoni mwa waliowindwa. Swafiya alipita vizuizini hadi wodini, amebeba mtandio.

“Vaa huu, Mama, twende kwangu. Wakiuliza, wewe ni shangazi yangu.”

“Na huyu?” Saverina alimwonyesha mzee Nsabimana, aliyefungwa plasta mikono yote miwili. Hakuwa na murwaza, na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. “Acha nimlishe, kisha twende.”

“Mama, watakukuta hapa!”

“Najua. Lakini yeye hawezi hata kushika kijiko.”

Bakuli la uji lilikuwa limebaki nusu wauaji walipoingia na kumwita kwa jina. Saverina aliinuka, akamkabidhi Swafiya bakuli, akasema, “Mlishe polepole, hupaliwa.” Wakamtoa nje, wakamuua.

Swafiya akaketi pale alipokuwa ameketi Saverina. Uji ulimwagikia shuka, lakini alimlisha mzee hadi mwisho. Hakuondoka wodini hadi Nsabimana alipoweza kushika kijiko mwenyewe. Mzee huyo alisimulia hadi kufa kwake kwamba, tangu saa ile, hofu ya kifo haikumjia tena, naye alilihesabu jambo hilo kuwa neema ya Saverina.

Kanisa halijatamka neno juu yake. Ila waliomjua humtaja katika sala zao, na Swafiya humtaja katika dua zake. Nasi tukitaka kumwiga, tuingie wodini kwa utaratibu, tukitafute kitanda ambacho hakuna aliyekikaribia, tuulize jina la aliyelala pale, kisha tuketi.