Samaki wa Mzee Hana Chumvi

Baba yangu ana hadithi moja, na mji wetu mzima wa Koboko unaijua. Alipokuwa kijana, dereva wa lori la jeshi, alitumwa Mombasa kuchukua mzigo bandarini. Mzigo ukachelewa, chakula kikaisha, naye akakaa juu ya mawe ya gati akavua kwa mshipi wa mkono mpaka akawalisha wenzake. Mtu mwingine angeishia hapo. Baba huendelea. Samaki alikuwa na urefu wa mlango. Alimvuta baba mpaka kiatu kimoja cha jeshi kikaenda na maji. Halafu huinua kidole: samaki wa bahari hatiwi chumvi jikoni, maana Mungu ameshamtia tangu akiwa hai.

Hakuna aliyemwamini. Sisi wa huku bara, mbali na bahari, samaki tunamjua akiwa mkavu sokoni, ameshabanikwa kwa moshi, kakunjwa mkia mdomoni. Habari za kumtoa kwenye maji ya chumvi kwa uzi ni za watu wengine. Pale kibarazani kwa fundi cherehani, ambapo baba hunywa chai kila asubuhi, hadithi ikianza tu fundi hukanyaga cherehani yake kwa nguvu asisikie kitu. Yeye na baba ni marafiki tangu ujana, ndiyo maana hamwonei huruma.

Lakini fundi ni afadhali. Aliyemmaliza baba ni mama. Kila hadithi ilipofika kwenye kiatu, mama aliuliza kwa upole kabisa kile kingine kilichobaki kiko wapi, akitazame. Ameuliza hivyo tangu sijazaliwa.

Basi mzee akazeeka, magoti yakaanza kulia, akaacha kutaka mambo mengi. Hili moja halikumtoka: aaminiwe kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, waziwazi, mpaka nikaona aibu kucheka. Nilipopata kazi Kilifi hakuniuliza nitaishi wapi wala na nani. Aliuliza kama kule kuna mawe.

Mawe yapo. Bahari pale Kilifi inaingia ndani ya nchi kavu kama mto mpana, na kando yake kuna gati la zamani na miamba iliyolizunguka. Nilipopata nafasi niliwaalika wote wawili. Mama alisema yeye haji kutembea, anakuja kuwa shahidi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mama. Baba alitutoa nyumbani mara tu baada ya chai, mshipi begani, kofia kichwani, anatembea kama ana kikosi nyuma yake. Tulipofika tukakuta matope, kaa wanakimbizana, na maji yako mbali huko. Yalikuwa yamekupwa. Jambo hilo mtoto wa Kilifi hulijua kabla hajajua kuvaa suruali, ila dereva wetu alikuwa amelisahau. Mama alitazama matope, akamtazama baba, akasema bahari yako imeisha, mzee. Alicheka mpaka tukafika nyumbani, na usiku nikamsikia akicheka tena peke yake.

Kesho yake baba hakutaka kusikia la mtu. Aliulizia maji yanajaa saa ngapi, kisha akanituma gereji nikaombe plagi mbovu za gari. Moyoni nikasema, haya, uzee umeanza. Nikamletea. Akafunga plagi moja mwisho wa mshipi, juu yake kidogo akafunga ndoana, akachomeka kipande cha ngisi. Alieleza bila kuniangalia kwamba mawe hula kila kinachozama, kwa hiyo usiyape risasi ya kununua ya kuzamishia uzi, yape plagi iliyokufa. Kila dereva anazo. Mikono yake haikusitasita hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba labda miaka yote hii mzee alikuwa anasema kweli. Mama naye aliacha kumenya karanga.

Pale gatini mawe yakala plagi mbili. Maji yakapanda, yakalowesha viatu vya mama, akamlaumu baba kana kwamba ndiye aliyeyaita. Halafu mshipi ukakazika. Baba akasimama, magoti yale yale yanayomshinda kwenda msikitini, akaanza kuvuta mkono kwa mkono, uzi unamkata kidole na wala hauachii. Akamtoa tewa mmoja mnene, wa madoadoa, urefu wa mkono kutoka kiwiko, akamlaza juu ya jiwe. Nikapiga picha kwa simu, huku nalia kama mjinga.

Baba hakupiga kelele. Alimgeukia mama.

"Umeona?"

"Nimeona," mama akasema. "Lakini mlango iko mrefu kuliko hii." Kisha akachana ukingo wa leso yake, akamfunga kile kidole.

Sasa, samaki angebaki Kilifi angekuwa na faida gani? Alitakiwa Koboko, kibarazani. Na samaki wa kusafiri siku zile zote kwa basi, kwetu dawa yake inajulikana. Mama akamkunja mkia mdomoni, akamchoma kijiti asifunguke, akambanika kwa moshi wa makumbi ya nazi mpaka majirani wakaja kuuliza kama nyumba inaungua. Mimi nikaleta chumvi. Baba akainua kidole. Mungu ameshatia! Nikamwambia baba, mimi nakaa hapa, nakula samaki hawa, wanatiwa chumvi kama mchicha. Akaniuliza nani alivua, mimi au yeye. Na mama, ambaye hajawahi kumtii mtu huyu hata kwenye kufunga dirisha, safari hii akasema mwache, samaki ni wake.

Tukasafiri naye kwenye gunia. Mjini Arua tulipobadilisha gari, konda alitaka kumpandisha juu na mizigo, baba akampakata mapajani mpaka Koboko.

Ilikuwa siku ya soko. Watu waliotoka Ludara na mihogo yao walikuwa wamejaa mbele ya kibaraza. Baba akasalimia, akaketi, akafungua gunia taratibu. Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Aliinama, akamtazama yule samaki mweusi aliyekunjwa, akanyanyua kichwa.

"Hii iko mputa," akasema. "Hii iko ya Panyimur."

Jamani, na ukimtazama vizuri alifanana kweli na mputa, sangara wetu wa Nile anayeletwa mkavu kutoka Panyimur. Madoadoa yote yamekwenda na moshi. Nikatoa simu haraka. Picha ikazunguka mkono hadi mkono, na fundi akatoa hukumu: mzee yupo, mawe yapo, maji yapo, lakini Nile nayo ina maji na mawe. Kisha akamega kipande karibu na shingo, akatafuna, akampa wa pembeni, naye akatafuna. Wakatazamana.

"Haina chumvi," fundi akasema. "Mzee, si wewe ulisema ya bahari inatoka na chumvi ya Mungu? Njia ya muongo ni fupi."

Kibaraza kikacheka, na watu wa Ludara wakacheka pamoja nao. Baba akaanza kumfunika samaki, na kile kidole chenye kitambaa hakikutaka kushika gunia. Nimemwona baba akizika ndugu zake, sijamwona amekuwa mdogo vile. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyejua habari ya chumvi, na nani angenisikiliza? Mimi ni binti yake.

Mama alikuwa amesimama pembeni na chupa ya chai. Alikuja kutazama mzee wake akichekwa, huo ndio ukweli, na mimi namjua. Akaiweka ile chupa chini.

"Kwa hii maneno ya bahari, nani alikuwa anacheka yeye kuliko nyinyi wote?"

Wakasema ni yeye. Lilijulikana.

"Basi mimi nilikaa kwa mawe. Huyu samaki alitoa kwa bahari na hii mukono yake, niliona na macho yangu. Mutu anabisha, abishe na mimi."

Fundi akakitazama kile kidole kilichofungwa, akaitambua leso ya mama. Alimpa baba kiti chake mwenyewe, akamwambia aanze tangu mwanzo. Kwa mara ya kwanza hadithi ilisikilizwa na cherehani imenyamaza. Ilipofika kwenye kiatu, kila mtu akamgeukia mama. Mama akamimina chai, akasema hiyo ya kiatu bado anachunguza.

Jioni mama aliinjika kichwa cha samaki kwa mchuzi wa simsim. Baba akaingia jikoni, mahali ambapo sijawahi kumwona ila akitafuta kiberiti. Akachukua mkebe wa chumvi, akamwekea mama mkononi.

"Tia," akasema.

Mama akatia.