Baba Mdogo na Mhuri wa Serikali

Mnisamehe kwanza, halafu ndiyo mcheke.

Shemeji yangu alilazwa Mbeya, kaka akalazimika kwenda kumuuguza. Mtendaji wa kata yao ya Ruanda akaniandikia barua yenye mhuri: mpaka watakaporudi, mimi ndiye mlezi halali wa binti yao Neema. Mara ya mwisho nilimwona bado anatambaa. Kaka aliniambia nimpokee stendi ya Tunduma, amevaa sweta jekundu.

Hiace ikafika. Sweta jekundu nikaliona likishuka.

“Mwanangu, twende. Mimi ni baba yako.”

“Wewe siyo baba yangu!”

Nikakasirika. Kwetu Wanyiha mdogo wa baba ni baba, kwisha maneno. Ina maana kaka hakumfundisha mtoto ukoo wake?

“Mimi ni baba yako kabisa!” nikafoka, nikamshika mkono. Akapiga yowe.

“Mwizi wa watoto!” Mwanamke mmoja akaruka kutoka ndani ya gari, akanikaba shati. Vijana wa toroli wakanizingira, mmoja ameshaokota jiwe. Nikachomoa barua.

“Nina mamlaka! Nina mhuri wa serikali!”

Konda akaisoma, akamwinamia mtoto. “Unaitwa nani?”

“Rehema.”

“Na mama yake ni mimi,” akasema yule aliyenikaba.

Mlangoni mwa Hiace alikuwa amesimama binti mwingine, naye ana sweta jekundu.

“Konda,” akasema, “nirudishe Ruanda. Kwa huyu baba siendi.”