Kibuyu cha Mzee Sayi

Yunisi Kikoti hakustaafu. Alichokiacha ni mshahara tu. Miaka thelathini na tatu ya uuguzi ilimzoesha kuamka saa kumi na moja alfajiri, na mwili wake haukuwahi kupewa barua ya kustaafu. Ikigonga saa mbili asubuhi pale Kihesa, Iringa, uwanja umefagiwa, vyombo vinang'aa, na mama wa watu anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto wako Dar es Salaam. Mumewe, Filemoni, alikwishatangulia. Nyumba ikinyamaza, Yunisi anaisikia ikinyamaza, na hilo ndilo asiloliweza.

Kwa hiyo akajitolea. Alikwenda kwenye makao ya wazee ya masista, mwendo wa nusu saa kwa miguu, akamwambia Sista Roza, mkuu wa pale, kwamba yeye ni Mlutheri lakini mikono yake haina dhehebu. Sista akacheka, akampa ufagio. Basi, ukimpa Yunisi ufagio umempa nchi. Alifua, alideki, alikata kucha za watu ambao hawakuomba kukatwa. Wazee wakampachika jina la Mama Dekio.

"Kamwene, Mama Dekio! Keti basi tuongee."

"Nakuja, babu, nakuja," anajibu, na ameshapita. Nakuja yake ilikuwa maarufu. Hakuna aliyewahi kuiona ikifika.

Mzee Sayi hakuwahi kumwita. Huyu alikuwa Msukuma kutoka Rujewa, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka mingi nyuma. Wanawe walipohamishia mifugo Lindi, miguu yake ikakataa safari. Alikuja Iringa na blanketi, fimbo na kibuyu. Kila siku alimimina kikombe cha maziwa humo, akayaacha yagande, kisha akala ugali kwa mtindi wake. Maharage hagusi, mboga hagusi, nyama ya Pasaka aliwapa wenzake. Kibuyu kilikuwa cheusi ndani, kinanukia moshi na uchachu. Kilikuwa cha marehemu mkewe.

Sasa sikia alichokifanya mwanamke huyu. Jumatatu moja, mzee akiwa nje anaota jua, Yunisi alikinusa kile kibuyu, akajisemea: ndiyo maana babu wa watu anaharisha. Babu hakuwa anaharisha, lakini mtu mwenye kiherehere hakosi sababu. Akakijaza maji ya moto na sabuni ya unga, akatia na dawa ya madoa, akasugua kwa kijiti chenye kitambaa mpaka maji yakatoka meupe. Akakirudisha kitandani, na akajisifu.

Kesho yake mzee alionja, akatema. Akanusa mdomo wa kibuyu kwa muda mrefu. Hakugomba. Laiti angegomba!

"Nani amemfuta Ngolo wangu?" aliuliza. Ngolo ndilo lilikuwa jina la mkewe. Kisha akageukia ukuta.

Tangu hapo, kwa siku nzima alimeza vijiko viwili vitatu vya uji, basi. Siku ya nne Sista Roza alimwita Yunisi pembeni. "Mama Yunisi, mtu wa umri huu akikataa chakula, hatuna naye wiki mbili." Hakumlaumu, na hiyo ikamchoma zaidi. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Yunisi alipiga magoti kando ya kitanda, akakiri kosa lake, akasema atakirudisha kibuyu kilivyokuwa. Mzee hakugeuka.

Alfajiri ya Jumamosi alikuwa ndani ya basi la Rujewa, kibuyu amekifunga kwenye kitenge. Sista alikuwa amempa namba ya Minza, mkwe wa mzee, mke wa mwanawe mkubwa, aliyebaki kule kwa ajili ya shule ya watoto. Alimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anapepeta chenga, kope zimejaa vumbi la pumba. Minza alikinusa kibuyu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Mama, kibuyu cha maziwa na sabuni wapi na wapi? Mama mkwe kakifukiza hiki miaka thelathini. Umemtoa yeye, umeacha kibuyu."

"Na wewe mbona hukai naye?" Yunisi alifoka, maana aibu inatafuta mwenza.

"Ni baba mkwe wangu, mama. Mkwe anamwogeshaje baba mkwe? Angekufa kwa aibu kabla ya njaa."

Minza akamweleza: kisuuzwe kwa maji ya moto na mchanga mpaka harufu ya sabuni iishe. Kikaushwe siku mbili kivulini, kwani juani kitapasuka. Kisha atie ndani makaa ya vijiti alivyompa, atikise, amwage, afunike moshi, arudie tena na tena. "Na ukae nacho. Makaa yakizidi, kinaungua. Ukiwahi kuyamwaga, moshi haushiki. Si kazi ya kusimama simama." Akamtilia mtindi kwenye chupa ndogo, wa kugandishia.

Siku mbili! Yunisi alifua mapazia mara mbili. Aliamka usiku kukipapasa kibuyu kama mgonjwa mwenye homa. Siku ya tatu akawasha vijiti, akaketi kwenye kigoda uani, akaanza kutikisa. Jirani akamwita ng'ambo ya ua.

"Nak..." akalimeza neno.

Ndipo Filemoni akamjia akilini. Siku ile ya mwisho alimwita kutoka chumbani: "Yunisi, njoo ukae kidogo." Akajibu, nakuja. Alikuwa anasuuza sufuria, zilikuwa zimebaki tatu. Alipoingia chumbani hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Miaka sita hakumwambia yeyote, wala mchungaji wake. Alilia pale kwenye kigoda, mikono ikiendelea kutikisa, maana makaa hayangoji mtu amalize kulia.

Alhamisi, siku ya kumi, alimpelekea mzee mtindi. Akamwinua, mwepesi kama mtoto. Mzee akaonja.

"Siyo," alisema.

Mzee akaonja tena, akatafuna hewa.

"Siyo wa Ngolo. Moshi mwingi. Huu ni wa mtu asiye na subira." Akaramba mdomo. "Lete ugali."

Ulipoletwa, akamwonyesha kiti. "Kaa. Mtu hali peke yake."

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati. Kwenye kamba uani zilining'inia shuka ishirini alizofua Yunisi asubuhi ile. "Mama Dekio, mvua!" wazee wakapiga kelele kutoka barazani. "Shuka, Mama Dekio!" Yunisi aliutazama mlango. Mzee Sayi alikata tonge dogo, akalichovya, akaanza kulitafuna polepole kwa fizi.

Yunisi alivuta kiti karibu, akanawa, akakata tonge lake. Walikula mpaka bakuli likaisha, na shuka zote ishirini zililowa.